Ndege Ikipita, Baba Huzima Taa

Ndege ikipita usiku juu ya Chanika, hapa Handeni mjini, baba yangu huinuka kwenye kiti chake cha kamba, hupapasa ukuta mpaka kwenye swichi kubwa ya umeme, na kuishusha. Nyumba nzima inaingia giza. Friji inanyamaza, feni inazunguka kivivu mpaka inasimama, na mwanangu wa mwisho anapiga kelele kutoka sebuleni, "Mama, babu kazima tena! Na penalti ndiyo inapigwa!" Mimi siendi kuwasha. Zamani nilikuwa naenda, tukashikana mikono pale ukutani, mimi na mzee wa watu, kila mmoja anavutia kwake, mpaka siku moja nikaona anatetemeka na machozi yanamtoka. Tangu hapo ndiyo sheria ya nyumba yangu: ndege ikipita tunakaa gizani mpaka mlio uishe. Majirani wanasema ninalea utoto wa mzee. Waache waseme.

Ndege zenyewe ziko juu mno. Zinakwenda Dar es Salaam au zinatoka huko, wala hazina habari na Handeni. Lakini baba kumbukumbu zinamponyoka moja moja. Kuna siku ananiita kwa jina la shangazi yangu, kuna siku anadai hajala na sahani iko mbele yake, na Bibi, mama yake mzazi, anamwulizia kama mtu aliyetoka kidogo kwenda kuchota maji. Usiku mmoja tu ndio haujamtoka. Nami haujanitoka, kwa hiyo tunakaa naye humo gizani, kila mtu na upande wake wa usiku ule.

Tulikuwa tunaishi kwenye kambi ya shamba la mkonge, ndani ndani huko, ukiiacha lami pale Kabuku unapotea kwenye barabara nyekundu mpaka unajiuliza kama kweli mbele kuna watu. Waliokulia kwenye mkonge wanaijua harufu ya huko: chachu, nzito, ya majani yaliyosagwa na maji yake kuachwa yaoze mtaroni. Mashine ya kusaga tuliiita korona, miaka mingi kabla jina hilo halijaja kututisha kwa mambo mengine. Nyumba za kambi zilijengwa safu mbili zinazotazamana, mlango kwa mlango, na katikati njia pana iliyonyooka. Sisi watoto tulishindana mbio pale, kutoka nyumba ya Bibi, ambayo ilikuwa ya kwanza, hadi bombani mwisho. Naomba uishike picha ya njia hiyo, maana ndiyo iliyotuponza.

Baba alikuwa dereva wa trekta. Kazi zake zilikuwa nyingi, ila aliyojivunia ni kufyeka kiwanja cha ndege. Shamba lilikuwa na kiwanja chake, ukanda mrefu wa majani nyuma ya zahanati, uliobaki tangu enzi za mabwana waliokuja kukagua mkonge kwa ndege. Sasa ilikuja ndege ya misheni peke yake, mara moja moja, kuleta dawa, na ilikuja mchana. Siku za kufyeka baba alinipandisha juu ya bawa la tairi, nikashika chuma kwa mikono miwili, na alinifundisha mambo kana kwamba mimi ndiye nitakayerithi trekta.

"Usiku je, baba? Haiji?"

"Usiku rubani haoni ardhi, mwanangu. Anaona taa tu. Zikipangwa taa mistari miwili, anajua katikati ndipo pa kukanyaga. Hapa kwetu hakuna taa. Akija usiku atakanyaga mti."

Nililielewa hilo kwa namna yangu. Mimi niliamini kuwa rubani anaona kila kitu, na sura zetu pia anaziona. Siku moja tulipoipungia ndege ya dawa ilipokuwa inaondoka, ilitikisa mabawa yake, huku na huku, na wenzangu wote wakashangilia. Mimi sikushangilia. Nilijua kwa hakika kabisa kuwa amenipungia mimi.

Mwaka wa mambo haya masika yalikuja kwa hasira. Mvua ilinyesha hadi kuku wakaacha kutoka nje. Mama yangu, Zaina, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa bado kidogo, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyependa kuimba akiosha vyombo na kunichekesha kwa kumwiga Bibi anavyotembea. Asubuhi ile hakuimba. Alikaa kwenye kizingiti akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, na nilipompitia nikaona damu kwenye kisigino chake. Nikamwambia, "Mama umejikata." Akaniambia, "Ndiyo, nimejikata, kamwite baba yako."

Baba alimlaza kwenye tela la trekta juu ya godoro, Bibi akapanda kushika mwavuli, wakaondoka kuelekea hospitali. Walirudi kabla ya adhuhuri wakiwa wametapakaa matope. Mto ulikuwa umelibeba daraja. Baba alisimulia kuwa alisimama ukingoni akiangalia magogo yakipita kwa kasi, akafikiria kuingia na trekta hivyo hivyo, na Bibi ndiye aliyemshika shati. Wakampeleka mama zahanati kwa Nesi Agnes.

Nesi Agnes alikuwa Msambaa wa Kwashemshi, mfupi, mkali, aliyetuchoma sindano watoto wote wa kambi bila kutuonea huruma. Alimpima mama, akatoka nje, akamvuta baba pembeni. Nilikuwa nimejibanza kwenye pipa la maji ya mvua na nilisikia yote.

"Omari, mtoto amekaa vibaya na damu haikatiki. Mimi hapa sina cha kumfanyia. Huyu anataka kupasuliwa, na apasuliwe leo."

"Leo nitampitisha wapi, Nesi? Njia hakuna."

"Basi tafuta ya juu."

Ofisi ya shamba ilikuwa na redio ya upepo iliyozungumza na misheni. Karani akaita mpaka sauti ikamkauka. Wakamjibu kuwa ndege itakuja, lakini mawingu yameziba milima ya Usambara na rubani anasubiri yafunguke. Ikawa alasiri, mvua ikapungua, ndege hakuna. Jua likaanza kuzama ndipo redio ikasema rubani ameshapaa, na kwamba atafika giza limeingia. Kukiwa na taa atajaribu kutua. Kusipokuwa na taa atageuza.

Hapo ndipo nilipomwona baba yangu akikimbia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alikusanya makopo: ya rangi, ya maziwa, ya mafuta ya kula, hata ndoo zilizotoboka. Wanaume wa zamu ya korona waliacha mashine wakaja. Wakajaza mchanga kila kopo, wakamwagia mafuta ya taa, wakayapanga kwenye kiwanja safu mbili, huku wakizama matopeni mpaka vifundoni. Duka la kambi lilitoa mafuta yake yote. Harufu ile ya mafuta ya taa ilijaa hewani mpaka macho yakawasha, na hadi leo nikipita dukani mtu anapimiwa mafuta ya taa, nageuza njia.

Mimi nilirudi nyumbani kwa Bibi nikafanya nililoona ni la maana. Nilifungua sanduku nikavaa gauni langu la Iddi, jekundu, lenye mkanda wa kufunga nyuma. Bibi akanishangaa.

"Wewe Mwajabu, sikukuu gani hii?"

"Nataka rubani anione."

Hakunicheka. Alinifunga mkanda vizuri, akanivuta kifuani.

Mlio ulikuja giza likiwa limekaza. Mvua ilikuwa imesimama, mawingu yamefunika kila kitu, hakuna nyota hata ya dawa. Tuliisikia ndege upande wa milimani, ikaja juu yetu, ikapita, ikaenda mbali, ikarudi, ikapita tena upande mwingine. Kule kiwanjani walikuwa wanahangaika. Viberiti vimelowa, kopo hili linawaka lile linazimika, na sisi kambini tuliona vimoto vichache tu vinavyokonyeza nyuma ya zahanati. Ndege ikazunguka. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka, na Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni ameinua uso, akasema neno ambalo watu wote wa nyumba za jirani walilisikia.

"Huyu amepotea."

Sasa nikueleze desturi yetu. Kule kwetu mtu akipotelea porini usiku, awe alikwenda kurina asali au kutafuta ng'ombe, kila nyumba huwasha moto mbele ya mlango wake. Haiulizwi ni mtoto wa nani wala mlipatana naye vipi. Amepotea, basi wewe washa. Na moto huo ukishawashwa hauzimwi mpaka aliyepotea aingie nyumbani kwa miguu yake, kwa sababu kuuzima kabla hajarudi ni kumzika angali hai. Mimi mwenyewe niliwahi kukeshea moto wa namna hiyo kwa ajili ya mzee mmoja mlevi, ambaye alirudi alfajiri akatutukana kwa kumfanya kitu cha ajabu.

Bibi aliingia jikoni akatoka na kuni zilizokuwa zinakauka juu ya meko. Alikuwa mkubwa wa kambi kwa umri, na alichofanya yeye wengine walikifuata. Wakabomoa nyua zao. Ile milingoti ya mkonge waliyojengea, iliyokuwa chini ya mapaa na kubaki kavu, ilishika moto mara moja na kutoa mwanga mweupe. Mlango wa pili ukawaka, mlango unaoelekeana nao ukawaka, ukafuata mwingine na mwingine, hadi bombani. Wanawake walikuwa wanafanya haraka, wengine wanalia, wengine wanaomba Mungu kwa sauti, Waislamu kwa Wakristo, na kila mmoja moyoni alijua anamwokoa Zaina. Nami nilisimama katikati ya njia na gauni langu jekundu, kote kumekuwa kama mchana, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Sijawahi kuona kambi yetu inapendeza vile.

Ndege nayo ikatuona. Mlio ulibadilika, ukatulia, ukawa mmoja. Ikaja kutoka upande wa bomba, imewasha taa yake ya mbele, ikashuka, ikashuka zaidi, na mimi nikainua mikono yote miwili kuipungia. Nilidhani inakuja kunisalimia. Kisha mabati yakaanza kutetemeka, taa ile ikanipiga usoni, Bibi akanirukia tukaanguka wote chini matopeni, na kitu kikubwa kilipita juu yetu kwa kishindo na upepo uliotawanya majivu na makaa hadi milangoni. Watu walipiga mayowe. Ndege ikaenda juu inaunguruma kwa shida, ikapotea gizani.

Wewe uliye mtu mzima umeshaelewa. Mistari miwili ya moto, iliyonyooka, inayotazamana, mikubwa na mizuri kuliko vile vikopo vya kiwanjani vilivyokuwa vinazimika. Rubani alikuwa ameona uwanja wa ndege. Uwanja wenyewe ulikuwa njia ya kambi yetu, nasi tumelala juu yake.

Baba alikuja mbio kutoka kiwanjani, mikono imeungua, kofia hana.

"Zimeni! Zimeni yote! Atatua juu yenu!"

Hakuna aliyesogea. Walimtazama yeye, kisha wakamtazama Bibi. Redio ya ofisini ilizungumza na misheni, haikuzungumza na ndege iliyoko angani, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kumwambia yule mtu kule juu kuwa amekosea. Palikuwa na njia moja tu, na Bibi alikuwa amesimama mbele yake.

"Mama, zima moto."

"Nizime mtu yuko juu yangu namsikia? Omari, umerogwa?"

"Mama, moto huu ndio unaompoteza."

"Moto haujampoteza mtu tangu nizaliwe."

"Huyu hayuko porini, Mama! Haji kwa miguu!"

Baba alikuwa analia. Mtu mzima, mbele ya kambi nzima, analia mdomo wazi kama mimi nilivyolia nikichapwa. Alipiga magoti kwenye tope akashika miguu ya mama yake, "Mama nakuomba, Mama nakuomba," na Bibi naye machozi yanamtoka huku anatikisa kichwa, kwa sababu alichoombwa ni kuua. Mimi nilimshika Bibi upande wa khanga, nikamtazama baba, sikujua niwe upande wa nani. Ndege ilikuwa inazunguka juu mbali. Dakika zile, Mungu ndiye anajua zilikuwa ngapi.

Mwishowe baba alisimama. Kulikuwa na ndoo ya maji ya kuoga nje ya mlango. Aliibeba akaimwaga yote juu ya moto wa Bibi. Moshi mzito ulipanda, na katika ule moshi nikasikia sauti ya Bibi, wala haikuwa kubwa.

"Umemzika, mwanangu."

"Asipotua nitamzika Zaina," baba akasema.

Hapo ndipo wengine walipoanza. Walizima kwa maji, kwa mchanga, kwa majembe, kwa kukanyaga, wengine wamegeuza nyuso wasione mikono yao inafanya nini. Giza likatujia nyumba kwa nyumba. Baba akanishika mkono, akasema twende, tukakimbia hadi zahanati. Njiani alikuwa anapiga kelele kwa kila aliyempita, "Kila mtu azime, kila mtu anyamaze tusikie inatokea wapi!"

Zahanati ilikuwa na karabai, na karabai ile ndiyo ilikuwa taa kali kuliko zote shambani. Dirisha la chumba cha kujifungulia lilitazama kiwanjani na halikuwa na pazia. Baba alisimama mlangoni, haingii.

"Nesi, zima karabai."

"Nizime?" Nesi Agnes hakugeuka. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka viwiko. "Nizime halafu nimshike kwa macho ya paka?"

"Nesi, rubani ataona taa moja kali kando ya kiwanja, atachanganyikiwa tena. Ameshakosa mara moja. Hana mafuta ya kuzunguka hadi asubuhi."

Wakabishana kwa haraka na kwa sauti ya chini. Mwisho karabai ilishushwa sakafuni, uvunguni mwa kitanda, na nesi akachukua tochi akaibana kwa meno. Dirisha likabaki na mwanga hafifu. Baba akaondoa khanga iliyokuwa imemfunika mama miguuni, akaitundika dirishani, misumari hakuna, ikaanguka. Msaidizi wa nesi alikuwa kiwanjani anawasha makopo. Basi baba akaniinua akanisimamisha juu ya stuli, akanipa ncha mbili za khanga, moja kila mkono, nikazibana ukutani juu ya dirisha.

"Usiachie mpaka nikwambie," akasema. Akaenda kitandani, akainama, akamwambia mama kitu ambacho sikukisikia, akatoka mbio.

Nilikuwa nimegeukia ukuta. Khanga ilinigusa usoni, ilikuwa na harufu ya mama, ya mafuta ya nazi na moshi wa jikoni, na harufu nyingine ambayo sikuijua. Nyuma yangu mama alikuwa anaguna, sauti ndefu za kutoka tumboni, na kati ya guno na guno nilimsikia nesi akimwambia asilale, "Zaina, usilale, nitazame mimi." Mabega yaliniuma. Mikono ilikufa ganzi. Kisha mama akaniita.

"Mwajabu."

"Abee, mama."

"Umeshika vizuri?"

"Nimeshika, mama."

"Haya."

Guno lingine likaja, la mwisho likawa dogo. Kisha akanyamaza. Kule nje kambi yote ilikuwa imenyamaza, hata mbwa, kama baba alivyoagiza, na mimi nikaelewa kuwa mama naye amesikia agizo. Kila mtu azime, kila mtu anyamaze. Nikajisemea moyoni, mama yangu ni hodari, anaumwa vile na amenyamaza ili ndege isikike. Nikazibana zile ncha kwa nguvu zaidi. Nesi alisema "Zaina" mara nyingi, kisha akaacha. Niliona mwanga wa tochi ukishuka ukutani taratibu mpaka sakafuni, na nilidhani hiyo pia ni katika kuzima.

Ndege ikaja. Niliisikia kutoka mbali, mlio mmoja ulionyooka, ukakua, na safari hii haukupita juu. Ulishuka. Kukawa na kishindo, kingine, kelele ya chuma na ya matope, kitu kikakwaruza kwa muda mrefu, kimya, halafu kiwanja kizima kikalipuka kwa vifijo. Wanaume walikuwa wanapiga kelele za furaha na kuitana majina. Mimi sikuachia khanga, sikuwa nimeambiwa. Lakini niligeuza kichwa.

"Mama," nikasema, "imetua."

Nesi Agnes alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda, tochi mapajani. Alinitazama. Yule mwanamke aliyetuchoma sindano bila huruma aliweka kiganja mdomoni akakiuma.

"Mama, imetua. Usinyamaze tena."

Baba aliingia na rubani nyuma yake, mtu mwembamba, shati limemgandia mwilini, ameshika machela ya turubai iliyokunjwa. Baba alikuwa anacheka. Ndilo ninaloliona kila ninapofumba macho, si damu wala si kitanda, ni baba yangu anaingia pale mlangoni anacheka kwa furaha, mikono imeungua, anasema, "Zaina, gari limefika." Kicheko hakikukatika mara moja. Kilimwisha usoni kidogo kidogo, sehemu ya mdomo ikiwa ya mwisho.

Rubani aliiweka machela chini, akaegemea ukuta. Baadaye sana, wakati wanawake wameshaingia na kunitoa khanga mikononi, nilimsikia nje akizungumza na karani, maneno yanamtoka kwa kukatika. Alisema aliona barabara ya taa, nzuri, akajua ndiyo yenyewe, akamshukuru Mungu. Alisema alikuwa amebakiza kukanyaga tu, ndipo taa yake ya mbele ikamwonyesha mtoto amesimama katikati na gauni jekundu, amenyoosha mikono. Akavuta juu. Hakujua kama alinikosa.

Kwa hiyo aliniona. Katika yote niliyoyaamini usiku ule, hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Watu wamenifariji kwa njia nyingi. Wamenikumbusha kuwa gurudumu la ndege lilizama matopeni wakati inatua na bawa likapinda, ikakaa kiwanjani siku nyingi kabla ya kutengenezwa, kwa hiyo hata ingetua kiwanjani mara ya kwanza mama asingeondoka nayo. Wananiambia hivyo kama wananipa zawadi. Hainisaidii kitu. Nimekuwa na hasira na mto, nikawa na hasira na rubani, nikawa na hasira na Bibi kwa miaka, halafu na baba kwa kuchelewa kubeba ile ndoo, na hasira zote zimekwisha zikaniacha na lile neno "haya" la mama, ambalo sijui alilisema kwa kuridhika au kwa kuchoka.

Mama alizikwa pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Tuliporudi kutoka makaburini, mchana wa jua kali, Bibi alikusanya kuni akawasha tena moto mbele ya mlango. Hakuna aliyemwuliza anamwashia nani. Aliulinda hadi arobaini, mvua ikija anaufunika na bati, na asubuhi moja nilimwona baba, ambaye hakuwa amesema naye tangu siku ile, anaweka gogo juu yake bila kutamka neno, kisha anakwenda kwenye trekta lake. Wakaishi pamoja hivyo mpaka tulipomzika Bibi. Sikuwahi kusikia yeyote kati yao akimlaumu mwenziwe, na huenda ingekuwa nafuu kama wangelaumiana.

Kiwanja sasa kimelimwa mahindi. Kambini kuna umeme, kila mlango una balbu inayowaka usiku kucha bila mtu kupotea. Na hapa Chanika, nyumbani kwangu, ndege ikipita baba anashusha swichi, anabaki amesimama ukutani katika giza na sikio amelitega juu. Mwanangu ananung'unika kuhusu mpira wake. Namwambia anyamaze. Mlio unapungua, unakuwa mwembamba, unakwisha kabisa upande wa mashariki, na hapo sauti ya baba hunijia, sauti ya kijana, siyo ya mzee huyu.

"Imetua?"

Wiki za mwanzo nilimweleza ukweli. Nilimwambia, baba, hiyo ni ndege ya abiria, imepita, haina habari na sisi. Alikaa macho usiku kucha. Sasa namjibu kwa neno moja.

"Imetua, baba."

Anashusha pumzi. Namsikia anapapasa ukuta, anaitafuta swichi.

"Alhamdulillahi. Basi mwambie mama yako ajiandae."

"Nimeshamwambia, baba."

Ndipo anawasha taa.